Wimbo Uliofungwa kwa Jina la Kambale

Kavira alishuka kwenye pikipiki mbele ya mlango wangu mwezi uliopita, amenenepa, kichwa chote mvi, na kabla sijamtambua alikuwa amekwisha kunitukana. "Béa! Ungali unafagia tu? Mavumbi ya hii mtaa ya Mangobo haijaisha tangu vita?" Nikatupa ufagio. Mimi si mtu wa kukumbatiana barabarani, wajukuu wangu wanalijua hilo, lakini siku ile nilimshika mpaka mwenye pikipiki akauliza kama atalipwa au angoje kwanza misa iishe. Tukaingia ndani, nikaweka chai, tukaanza kuhesabu waliokufa na waliobaki. Mjukuu wangu Plamedi, msichana mwenye kidole kisichotoka kwenye simu, akataka kutufurahisha sisi bibi zake, koko kama wanavyotuita. "Koko, taja wimbo wowote wa zamani, nitauweka." Tukataja. Simu ikakataa. Ikataka kwanza iandikiwe jina la anayesikiliza, mwaka aliozaliwa, mahali anapokaa, na namba yake. "Andika tu, koko, ni kawaida," Plamedi akasema. Nikamwambia aizime. Nani amewahi kuulizwa mwaka wa kuzaliwa ndipo aimbiwe? Mtoto akacheka. Akanieleza kwamba yeye hulipia nyimbo zake vizuri kabisa, ila simu yake ya kwanza ilipoharibika nyimbo zote zilipotea, ikabidi alipe upya. "Basi hukununua," nikamwambia. "Ulipangisha." Plamedi akaendelea kucheka, lakini Kavira alikuwa ameweka kikombe chini na ananiangalia. "Mwambie ile mwaka yetu," akasema. Mimi simsimulii mtu anayeangalia simu. Kwa hiyo ninaandika, polepole, kwa maana shule yangu ilikuwa fupi, na atakayetaka kusoma atasoma.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya yale majeshi mawili ya wageni kupigania mji wetu kwa mabomu. Mtu wa rika langu hapa Kisangani hahitaji kuelezwa. Mto ulikuwa umefungwa. Ninaposema umefungwa simaanishi maji. Maji yalipita kama siku zote, yakienda zake Kinshasa bila kumwomba mtu ruhusa. Ni sisi tuliozuiwa. Meli haikuja, barua haikuja, kaseti mpya haikuja. Chumvi na sabuni zilitoka mashariki kwa ndege, zikiletwa na wafanyabiashara Wanande wa Butembo, na mume wa Kavira alikuwa mmoja wao. Yeye aliishi hewani, leo Goma, kesho Kampala, na Kavira alikaa kwenye depo, duka na nyumba pamoja kando ya soko, akiuza kwa jumla na kwa rejareja, huku akigombana na kila mtu kwa furaha kubwa. Mimi nilikaanga samaki mbele ya depo yake. Tulikuwa wasichana tu, ingawa tulijiona watu wazima kwa sababu tumeolewa. Nilimwita Yaya, dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi umri kidogo na sauti sana.

Mume wangu Delphin alikuwa mwimbaji. Aliteremka Kinshasa kwa meli kabla ya vita, ameitwa na orkestra moja ya huko, akasema msimu wa mbinzo ukifika atakuwa amerudi. Msimu ulifika, viwavi vikaliwa, vita ikaanza, na hakuna aliyesikia neno lake tena. Tulichosikia ni kwamba huko Kinshasa mtu akifungua mdomo na kusema Kiswahili anatiliwa shaka kuwa wa waasi, na wengine wameuawa hivyo hivyo barabarani. Na huku kwetu, mikononi mwa waasi, mtu mwenye uhusiano na Kinshasa alichukuliwa kuwa mpelelezi. Kule lugha yako, hapa rafiki yako. Kila upande ulikuwa na njia yake ya kukukamata. Bon. Ndugu mkubwa wa Delphin, shemeji yangu Lomata, alitangaza kwamba Delphin amekufa. Kuna mtu alipita msituni kutoka Isangi akasema mwimbaji wa Kisangani ameuawa Kinshasa mwanzoni mwa vita. Mwimbaji gani, hakujua. Kwa Lomata ilitosha. Matanga yafanywe, alisema, mjane anyolewe, akae kwenye mkeka, na baadaye ama arudi kwao, ama abaki katika parcelle, ule ua wa ukoo wao, na kumpikia yeye, Lomata. Sikuwa na nia ya kumpikia Lomata hata maji ya kuoga. Lakini neno la mwisho lilikuwa la baba mkwe wangu, Papa Likenge, na Papa Likenge alikaa tu mlangoni akisuka mtego wa samaki, hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mtu anayenyamaza hivyo, siku moja atachoka na kusema ndiyo.

Ndipo kompyuta ilipokuja. Kaka yake Kavira, Kambale, aliyekaa Bruxelles, aliituma kwa njia ya Kampala, ikafika Kisangani imefungwa kwa vitenge ndani ya shehena ya sabuni. Depo nzima ilinuka sabuni wiki ile, na kompyuta nayo. Kavira hakujua kuiwasha. Akamwita Justin, ambaye kila mtu alimwita Assistant kwa sababu alifundisha chuo kikuu, chuo kilichokuwa hakilipi mtu, na kwa sahani ya chakula aliiunganisha na jenereta chumbani mwa Kavira. Tulisongamana mlangoni wanawake wote tuliouza mbele ya depo. Kambale alikuwa ametia humo nyimbo alizonunua kwenye duka ambalo halina mlango wala mtu, unalipia kwa waya wa simu na wimbo unakuja kwa waya. Kavira alitamba: "Kaka yangu amelipa! Si ya kuiba hii!" Assistant akabonyeza, gita likaanza, wanawake wakaanza kutikisa mabega. Nami nilikuwa nimesimama na kijiko cha mafuta mkononi, nikasikia sauti inaingia baada ya gita, na miguu yangu ikaijua kabla ya kichwa.

Sikupiga kelele. Nilingoja. Nyimbo zetu zina pale mahali ambapo maneno yanaisha, magita yanakimbia, na mwimbaji anaanza kutupa majina ya watu: mfadhili fulani, tajiri fulani, mke wa fulani. Ndiyo libanga, wakubwa hulipa ili jina lao litupwe mle. Delphin alitupa majina ya watu nisiowajua, kisha akasema, wazi kabisa kama mtu aliyesimama nyuma ya nyumba: "Béa ya Mangobo! Ebale ekofungwama, nakozonga!" Mto utafunguka, nitarudi. Kijiko kilianguka. Kavira alinigeukia, mdomo wazi. "Béa. Ni wewe?" "Ni mimi." "Ni yeye?" "Yaya, amesema mto utafunguka. Alipoondoka mto haukuwa umefungwa!" Unaona? Wimbo wa mtu aliyekufa mwanzoni mwa vita usingejua habari za mto. Alikuwa hai baada ya mto kufungwa, ameimba akijua umefungwa. Kavira alinibeba. Alinibeba kweli, akazunguka nami katikati ya magunia ya chumvi, na mama mmoja aliyeuza maharagwe akaanza kulia bila kujua ni kwa nini. Assistant aliuweka tena, na tena, mpaka mafuta ya jenereta yakaisha.

Nilikimbia Mangobo hadi kwa wakwe bila kuvua aproni. Nilimwambia Papa Likenge kila kitu nikiwa nimepiga magoti, pumzi hakuna. Mikono yake ilisimama kwenye mtego. Lomata ndiye aliyejibu. "Machine ya Wanande inakuotesha ndoto. Leta hiyo sauti hapa, baba aisikie na masikio yake. Bila hivyo, ni maneno ya mwanamke anayekataa wembe." Na Papa Likenge, kwa mara ya kwanza, alisema neno: "Ilete." Kumleta yeye kwa Kavira haikuwezekana, alikuwa hatembei mbali tena, na hakuwa mtu wa kubebwa kwenye baiskeli kwenda kusikiliza muziki kwa mwanamke mfanyabiashara. Sauti ndiyo iliyopaswa kusafiri.

Kwanza nilifanya kama mtu yeyote angefanya. Niliazima radio-kaseti, nikaiweka mbele ya spika za kompyuta, nikabonyeza. Nikapeleka kaseti, nikaiweka mbele ya mkwe wangu, na tukasikia jenereta inanguruma, kuku wa Kavira anataga kwa shangwe, na mbali, nyuma ya kuku, kitu kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Lomata alijishika mbavu. "Ndugu yangu amegeuka kuku! Baba, sikia, mutoto wako iko anataga!" Watoto wa parcelle wakaanza kulia ko-ko-ko kila nilipopita. Na Lomata akapanga siku ya matanga: Jumamosi.

Assistant akasema kaseti ni mambo ya zamani, yeye ataunakili wimbo kwenye diski, na parokiani kulikuwa na kompyuta nyingine yenye spika nzuri. Katibu wa parokia akikubali, tutampeleka mzee pale kwa baiskeli kwenye misa ya Ijumaa, maana kwa ajili ya misa hatakataa kubebwa. Nilimpenda Assistant siku hiyo. Tulienda na diski yetu imefungwa kwenye kitambaa kama ostia. Wanakwaya walikuwa wanamaliza mazoezi, wakaja kuzunguka meza. Diski ikaingia. Badala ya gita kikatokea kijidirisha chenye maandishi ya Kifaransa, na mwanakwaya mmoja akayasoma kwa sauti kubwa, kama anasoma somo la kwanza. Kwamba wimbo huu umenunuliwa na Kambale fulani, jina lake lote, wa Bruxelles, na anwani yake, na kwamba hauwezi kuimba kwenye mashine nyingine bila ufunguo. Chini yake kulikuwa na mahali pa kuandika ufunguo ambao hatukuwa nao. Assistant alijaribu hiki na kile. Wimbo ulikaa kimya, umefunga mdomo, umebaki kutuonyesha jina la Kambale tu.

Sasa sikilizeni kosa lililofanyika, kwa maana sidhani lingefanyika mahali pengine duniani. Kwetu sisi, jina la mtu likiwa kwenye wimbo ni libanga. Hakuna maana nyingine. Wanakwaya walitoka pale wakisema Kambale, kaka yake Mama Kavira, amejitupia libanga kubwa, tena la kuandikwa, linalotokea kabla hata wimbo haujaanza! Ni tajiri gani huyo? Kabla jua halijashuka, sokoni ilijulikana kwamba Kambale ndiye mfadhili wa orkestra ya Kinshasa. Amewanunulia magita, amewanunulia ngoma, anakula meza moja na wakubwa wa kule. Maneno ya namna hiyo hayachelewi kupanda ngazi za ofisi ya usalama. Kesho yake mtu alikuja depo kununua sabuni asiyoihitaji na kumwambia Kavira, huku anaangalia pembeni, kwamba Jumamosi mchana Commandant wa usalama atapita kuchukua ile mashine, waone Kambale anawatumia watu wa Kisangani kitu gani.

Kavira alimrudishia chenji, akamngoja atoke. Kisha akalipuka. "Kaka yangu amenunua wimbo kama mutu ananunua mkate! Nani anaandikwa jina kwenye mkate?" Assistant alijaribu kueleza, maskini, na sahani mapajani. Alisema ni duka linaloandika jina la mnunuzi ndani ya wimbo, ili akiugawa wajue ni nani aliyegawa. "Yaani ni mpelelezi," nikasema. "Wameweka mpelelezi ndani ya gita." "Si mpelelezi, Mama Béa, ni ulinzi. Ni kwa ajili ya mwimbaji. Watu wakigawiana bure, mwimbaji anakula nini?" Nikamwambia, "Assistant, mwimbaji ni mume wangu. Mlango ambao unamfungia mke wake nje, umelinda nani?" Akamega tonge jingine. Kavira naye aliendelea: mtu akinunua kuku, mwenye duka atamfuata mpaka jikoni kumwambia sufuria gani apikie? Kambale amelipa, ametoa pesa yake ya jasho, na sasa jina lake limesafiri mpaka kwenye ofisi ya watu wenye bunduki, na yeye analala zake Bruxelles hajui. Hilo ndilo lililonishika. Mtu alitaka kusikiliza muziki, basi, na tayari alikuwa ameandikwa. Hata leo Plamedi akiniambia "ni kawaida tu, koko," ninaiona ile depo na uso wa Kavira.

"Futa yote," Kavira akamwambia Assistant. "Nyimbo zote. Waje wakute mashine tupu." Alisema hivyo, kisha akaniona. Kama wimbo unafutwa, Delphin anafutwa nao, na Jumamosi wembe unaningoja. Kama haufutwi, Commandant ataona jina. Assistant ndiye aliyeinua kichwa. "Iko na tundu ya écouteurs," akasema polepole, kama anazungumza na sahani. Lile tundu la kuchomeka vya masikioni. "Kinachotoka pale ni sauti tu. Jina haiwezi kupita pale. Ufunguo haiwezi kupita pale." Nikasimama. Mimi nilikuwa nimekaanga samaki miaka kadhaa jirani na Tonton Basile, aliyenakili kaseti sokoni, na nilijua jinsi alivyounganisha mashine zake mbili kwa waya, moja ikiimba na nyingine ikinywa. "Tonton Basile iko na waya," nikasema. Hatukumwambia Tonton Basile ni ya nini. Alikata vya masikioni vya walkman yake mwenyewe, akaunga ncha kwa meno na bandiko, na kuniazima deki yake nzuri, ile yenye mishale miwili inayocheza sauti inapoingia. "Ikirudi na harufu ya samaki, utainunua," akasema. Niliipeleka kwa Kavira Jumamosi asubuhi ndani ya beseni, juu yake majani, juu ya majani samaki.

Assistant alikuwa bado anapima ni kwa nguvu gani sauti iingie, isije ikaungua, tuliposikia gari. Asubuhi! Walisema mchana, wakaja asubuhi. Kavira alitutazama sisi wawili chumbani, akavuta pazia la mlango, na nikamsikia sebuleni akipanda sauti kama mwenye harusi: "Commandant! Karibu, karibu, papa! Hapana, hapana, kwangu hakuna mutu anaanza kazi na tumbo tupu. Mukae! Béa! Lituma iko wapi?" Nikamwangalia Assistant. Akabonyeza kompyuta. Nikabonyeza deki. Hatukusikia kitu. Waya uliuchukua wimbo wote, haukuacha hata tone kwa spika. Lakini mishale ya deki ilishtuka, ikainuka, ikaanza kucheza pamoja, kushoto na kulia, kama wanawake wawili kwenye harusi ya mtu wanayempenda. Delphin alikuwa anaimba chumbani mle, na sisi tulikuwa viziwi.

Ilinibidi nitoke. Nilibeba lituma, ndizi zilizopondwa bado zinatoa moshi, na samaki, na pondu, kisamvu chetu, nikaziweka mbele ya Commandant na askari wake. Vyombo vilitetemeka mkononi mwangu vikagongana. "Huyu nani?" "Ni mukaanga samaki wangu," Kavira akasema. "Ana malaria, lakini mikono yake ni safi." Commandant alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, aliyekula polepole, na nilimwomba Mungu amwongezee adabu. Akasikiliza. "Jenereta inawaka ya nini asubuhi hii?" "Ya friji, papa. Samaki unayokula ingekuwa imeoza." Akachukua tonge. "Na hiyo ordinateur banasema inaimba?" Kavira aliweka mkono kwenye sikio lake, akakaza uso, akageuka huku na huku, nusu mita kutoka kwenye pazia. "Inaimba? Commandant, unaisikia inaimba?" Wote wakanyamaza kusikiliza. Hata askari aliacha kutafuna. Wakati ule ule, nyuma ya kitambaa, magita yalikuwa yanakimbia na mume wangu anatupa majina. Jenereta tu ndiyo iliyosikika. Nilikuwa karibu kucheka. Nilijiuma ulimi hadi damu. Commandant akasema, "Aa, watu ya Kisangani na uongo yenu," na akaomba pilipili.

Nilirudi ndani. Mishale ilicheza bado kidogo, ikalala. Assistant alitoa kaseti akanipa, akainamia kompyuta na kufuta, mkono wake ukitembea haraka kuliko nilivyowahi kuuona ukienda kwenye chakula, kisha akakohoa kwa nguvu, ndiyo ishara tuliyopatana na Kavira kwamba kazi imekwisha. Deki ilikwenda chini ya kitanda. Kaseti ilikwenda kwenye beseni, chini ya majani, chini ya samaki. Nilipita sebuleni na beseni kichwani, na askari mlangoni akanizuia kwa mkono. "Iko nini mule?" "Samaki." Akainua jani la juu. Akachagua. Alichagua muda mrefu, mwanaharamu yule, akageuza huyu na huyu, kisha akachukua mkubwa kuliko wote na kunipisha. Nyuma yangu nilimsikia Commandant akisema anaichukua mashine hata hivyo, kwa uchunguzi. Aliichukua, na Kavira hakuiona tena. Alilia siku ile? Hakulia. Alinipigia ukelele kutoka mlangoni, mbele yao wote: "Béa! Hiyo samaki isipoe!"

Kwa hiyo nilitembea mpaka kwa wakwe zangu na kaseti ambayo sikuwa nimeisikia. Elewa hilo. Mishale ilicheza, ndiyo, lakini labda ilicheza kwa ngurumo ya umeme wa jenereta tu, iliyopita kwenye waya. Labda waya wa Tonton Basile ulikatika katikati. Labda kuku tena. Niliwaza hivyo njia nzima, huku nikipitwa na toleka, baiskeli za abiria, zikibeba watu kwenda matanga ya mume wangu. Turubai lilikuwa limefungwa. Viti vimepangwa. Masufuria ya maharagwe yalikuwa motoni, na shangazi wa Delphin alikuwa amekaa kando ya mkeka, wembe mpya kwenye sahani, na maji. Lomata alikuwa amekodi radio kubwa kwa ajili ya nyimbo za kanisa. "Mjane amefika," akasema. "Na samaki! Analeta chakula ya matanga yake mwenyewe." Nilikwenda kwenye radio, nikatoa kaseti yao, nikatia yangu yenye mafuta ya samaki, nikabonyeza.

Mmmmm, ikasema radio. Ngurumo tupu. Mmmmm. "Kuku bado hajafika?" Lomata akauliza, na watu wakaanza kucheka. Nilifumba macho. Kisha gita likadondoka katikati ya ngurumo, safi kama maji, gita zima, na nyuma yake la pili, na sauti ya Delphin ikaingia chini ya turubai la matanga yake. Hakuna aliyecheka tena. Mtu aliacha mwiko ndani ya sufuria. Shangazi alisimama. Wimbo ulikwenda, ukaenda, watu hawapumui, mpaka pale magita yanapokimbia, na Delphin akasema, "Béa ya Mangobo! Ebale ekofungwama, nakozonga!" Papa Likenge, aliyekuwa hatembei, alikuja kwa miguu yake kutoka kwenye kiti hadi kwenye radio, akainama mpaka sikio likagusa. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Akasikiliza tena. Kisha akamgeukia dada yake. "Wembe hiyo utakatia vitunguu."

Sijui nieleze vipi kelele zilizofuata. Turubai lilibaki, maharagwe yalibaki, viti vilisukumwa pembeni, na watu waliokuja kulia walicheza kwa nguvu ile ile waliyokuwa wamejiwekea kwa kilio. Lomata, ili asiwe wa mwisho, alipanda juu ya kiti akapunga mikono. "Nani ameleta hii wimbo? Nani ameinunua? Tumutupie libanga! Béa, taja jina!" Na umati wote ukaitikia, "Jina! Jina!" Ndiyo adabu yetu, mtu akikutendea jambo kama lile, jina lake linatupwa juu. Mdomo wangu ulikuwa tayari. Lakini kwenye ua kulikuwa na nyuso nisizozijua, zikicheka pamoja na wengine. "Haina jina," nikasema. "Iko ya Delphin." Wakaguna kidogo, kisha wakarudi kucheza.

Tonton Basile alipata kaseti ile kesho yake, na sikumzuia. Ilishuka Isangi kwenye pirogi, yaani mtumbwi, ikapanda Banalia kwenye baiskeli za wachuuzi wa msituni, ngurumo ya jenereta ya Kavira ikiwa ndani yake daima, na watu wakadhani ni namna mpya ya ngoma. Jina langu lilikuwa mle, likisikika wazi, na niliambiwa nilikate. Sikulikata. Jina langu naweza kulitia hatarini mwenyewe. La Kambale halikuwa langu.

Mto ulipofunguka, Delphin alianza kushuka kwenye meli, mwembamba, gita mgongoni. Watu waliojaa ufukweni walipomwona, kabla hajafungua mdomo, walianza kumwimbia wimbo wake, neno kwa neno, na majina yote kwa mpangilio, hadi kwa Béa ya Mangobo. Alisimama juu ya ubao wa kushukia, macho makubwa. Nikamfikia. Hakunisalimu kwanza. "Béa," akasema, "ile wimbo iliuzwa tu Ulaya. Nani ameitoa? Nani amegawia watu kazi yangu bure?" Nikamshika mkono wa shati ili asianguke majini.

"Mimi," nikasema. "Béatrice, mke wako, wa Mangobo. Shuka kwanza, halafu unishitaki."